Sura ya 6: Kiporo Kwenye Daftari

Ita "Kambale!" katikati ya soko la Butembo, jimboni Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uone watu watakavyogeuka. Wanande, wenyeji wa huko, huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule; binti wa kwanza ni Masika. Kwa hiyo kila mtaa una akina Kambale na akina Masika wake, na katika orodha ya watu mia mbili jina hilohilo litajirudia mara nyingi bila mtu hata mmoja kuandikwa mara mbili. Kwa mwenyeji hilo halina ajabu. Kwa kompyuta ni mtego.

Orodha ninayoifikiria si ya harusi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa kumi wa Ebola nchini, ulioanzia Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa uliingia Beni, ukafika Butembo na Katwa, na haukutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na 2,287 kati yao walifariki. Kila mgonjwa alipopatikana, ilibidi itengenezwe orodha ya watu wote aliokutana nao kwa karibu: waliomuuguza, waliolala naye chumba kimoja, waliomwosha. Kila aliyemo kwenye orodha alipaswa kutembelewa kila siku kwa siku 21, apimwe joto, aulizwe hali. Orodha hiyohiyo ndiyo iliyoelekeza chanjo, kwa sababu waliochanjwa kwanza walikuwa wale waliomzunguka mgonjwa na wale waliowazunguka hao. Mtu akidondoka kwenye orodha, hakuna anayebisha hodi mlangoni kwake.

Kazi hii ilifanywa katika mazingira magumu mno. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili mwaka huohuo Dk. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi akiwa kazini katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Baadaye Thibaut Jombart na wenzake walichapisha hesabu ya gharama ya ghasia hizo: ni kwa kiasi gani mashambulizi yale yaliongeza kasi ya maambukizi katika kitovu cha Butembo, na jinsi chanjo iliyopanuliwa pamoja na ushirikiano wa karibu zaidi na wananchi vilivyouzima moto huo hata hivyo. Nataka msomaji akumbuke kwamba nyuma ya kila takwimu ya aina hii kuna mtu aliyeinama mbele ya kompyuta ndogo, betri ikipungua, akisubiriwa na timu iliyokwisha panda pikipiki.

Mtu huyo, popote alipo duniani leo, mara nyingi hufanya kazi yake ndani ya kile ninachokiita daftari la kompyuta. Linalojulikana zaidi ni Jupyter. Lilitokana na mradi wa IPython ulioanzishwa na Fernando Pérez mwaka 2001, na likapata jina lake la sasa mwaka 2014. Ukurasa wake umegawanywa katika visanduku viitwavyo seli. Katika seli moja unaandika maelezo kwa lugha ya kawaida. Katika nyingine unaandika msimbo, unabonyeza, na jibu linatokea papo hapo chini yake, liwe jedwali, mchoro au namba moja tu. Ni chombo kizuri na ninakipenda. Mwanafunzi anaona matunda ya kila mstari anaouandika, na mwalimu anaweza kueleza na kuonyesha kwa pumzi moja.

Hatari yake imejificha palepale penye uzuri wake. Seli zimepangwa kutoka juu kwenda chini kama kurasa za kitabu, lakini hakuna kinachokulazimisha kuziendesha kwa mpangilio huo. Unaweza kuanza na ya tano, ukarudi ya pili, ukafuta ya tatu kabisa; kompyuta itaendelea kukumbuka yote uliyowahi kuiambia, hata yale ambayo hayapo tena kwenye ukurasa. Unachokiona na kinachokumbukwa ni vitu viwili.

Tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme orodha ya leo ina mistari 212. Seli ya kwanza inaisoma. Seli ya pili inaondoa waliojirudia kwa kulinganisha majina peke yake, na wanabaki watu 187. Seli ya tatu inawagawa hao kwa maeneo ya afya na kutoa jedwali la watu wa kutembelewa leo: jumla 187. Mchambuzi, naye ni mzaliwa wa Butembo, anatazama jedwali na kushtuka. Kambale watatu wa eneo moja wamekuwa Kambale mmoja! Anarudi seli ya pili, anaongeza umri, mtaa na jina la mkuu wa nyumba ili watu watofautishwe kweli, anaiendesha, na sasa wanabaki 204. Amefanya jambo sahihi, tena jambo ambalo mgeni asingeligundua. Simu inaita: timu zinasubiri. Anashuka chini ya ukurasa, ananakili jedwali, analituma.

Seli ya tatu hakuiendesha tena. Jedwali alilotuma bado ni lile la watu 187.

Watu 17 hawamo. Ubaya ni kwamba atakayefungua daftari hilo jioni kukagua kazi ataona msimbo sahihi juu na jedwali chini yake, na ataamini kwamba la chini limezaliwa na la juu. Dalili pekee ni tarakimu ndogo pembeni: seli ya pili sasa ina [4], kwa kuwa iliendeshwa mara ya nne kwa hesabu ya jumla, ilhali seli ya tatu imebaki na [3]. Mtoto kamtangulia mzazi. Nani mwenye muda wa kusoma tarakimu za pembeni asubuhi yenye wagonjwa wapya?

Kiswahili kina neno kwa jibu la namna hiyo: kiporo. Chakula cha jana si lazima kiwe kibaya, lakini anayekipakua kwenye sahani ya leo lazima amwambie mlaji. Daftari halisemi. Na tatizo hili si la watu wazembe wachache. Mwaka 2019 watafiti wa Brazil na Marekani wakiongozwa na João Felipe Pimentel walichunguza madaftari ya Jupyter yapatayo milioni 1.4 yaliyowekwa hadharani. Kati ya yale waliyojaribu kuyaendesha upya, takriban asilimia 24 tu yalifika mwisho bila kosa, na takriban asilimia 4 tu yalitoa majibu yaleyale yaliyokuwa yameandikwa ndani yake. Hayo yalikuwa madaftari ambayo wenyewe waliona yanafaa kuonyeshwa ulimwengu.

Dawa ya kwanza ni ya bure na kila mwalimu aifundishe siku ya kwanza: zima kumbukumbu yote, kisha endesha daftari zima kuanzia juu hadi chini kabla ya kutuma chochote. Jupyter ina kitufe cha kazi hiyo. Lakini nimewaona watu wazuri wakikikwepa, na ninawaelewa. Daftari zito huchukua dakika nyingi, na dakika ni umeme. Dawa inayotegemea mtu aliyechoka akumbuke si dawa ya kutosha.

Ndiyo maana nilifurahi niliposoma kazi ya Stephen Macke na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2021, kuhusu chombo walichokiita nbsafety, ambacho baadaye kimeendelezwa kwa jina la ipyflow. Chombo hiki hukaa chini ya daftari, mahali pa injini inayoendesha msimbo, na kila seli inapopita hukiandika kizazi chake: jedwali hili limetokana na orodha ile, orodha ile imetokana na faili lile. Ukiibadilisha orodha, chenyewe kinajua ni nani wajukuu zake, na seli zilizobaki na kiporo zinawekewa alama ya rangi. Hakikuzuii kurukaruka, hakikulazimishi kuanza upya. Kinakuonyesha tu ni ipi ya kuendesha tena. Watafiti hao walikipitisha kwenye vipindi 666 vya kazi halisi za watu, na katika vipindi 117 kikabaini uwezekano wa kosa la aina hii. Zaidi ya kimoja katika kila sita. Kwa mchambuzi wetu, rangi kwenye seli ya tatu ingetosha.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya kompyuta hulipita mbio, nami nataka tukae hapo. Chombo kizuri kilichopo kwenye seva za mbali bado hakipo Butembo.

Mfanyabiashara wa Butembo anaielewa habari hii kuliko mhandisi yeyote. Mzigo wake hutoka Guangzhou au Dubai, hushuka bandarini Mombasa, hukatiza Kenya na Uganda, huingia Kasindi, ndipo unapanda hadi Beni na kilomita hamsini na ushei nyingine hadi Butembo. Ukiagiza mashine ya kusaga ukasahau mkanda wake, mashine hiyo itakaa dukani kama sanamu. Kwa hiyo fundi wa kufunga mzigo huuliza mapema: inahitaji nini ili iwake ikifika? Ni umeme gani uliopo kule? Skrubu zimo? Kufungasha programu ni kazi hiyohiyo. Programu ya kuyalinda madaftari haisimami peke yake. Inategemea programu nyingine, nazo zinategemea nyingine, na kila moja ina toleo linalokubaliana na wenzake na matoleo yasiyokubaliana nao. Mwenye mtandao wa kasi haoni hilo. Anaandika amri moja, kompyuta inavuta kila kitu kutoka ghala la PyPI au conda-forge, na baada ya dakika mbili yuko kazini. Anayenunua mega kwa fedha ya mfukoni huona amri hiyohiyo ikikatikia katikati, mega zimekwisha, na programu haipo.

Mambo mengine yamerahisishwa na waundaji wenyewe. Zamani, kuongeza kipande kipya kwenye JupyterLab, sura ya Jupyter unayoiona kwenye kivinjari, kulihitaji kompyuta yako iwe na programu ya Node.js na ijenge upya sura nzima, ikivuta vipande kutoka intaneti. Tangu toleo la 3 la JupyterLab, kipande kinaweza kufika kikiwa kimeshajengwa, ukakisimika bila Node.js na bila ujenzi. Badiliko hilo halikuandikwa magazetini. Kwangu mimi ni miongoni mwa hatua muhimu zaidi walizopiga kwa ajili ya watu wa mbali, iwe waliwafikiria au hawakuwafikiria.

Kinachobaki ni kazi yetu, nayo si ngumu. Kwenye kompyuta yenye mtandao mzuri unatumia pip, chombo cha kusimikia programu za lugha ya Python, ukiandika:

pip download ipyflow -d kifurushi

Amri hiyo haisimiki chochote. Inakusanya programu pamoja na kila inachokitegemea ndani ya folda iitwayo kifurushi, mafaili mengi yakiwa na mwisho wa .whl. Folda unaiweka kwenye flashi, flashi inasafiri mfukoni, na kwenye kompyuta ya Butembo unaandika:

pip install --no-index --find-links kifurushi ipyflow

Maneno ya katikati yanaiambia kompyuta isitafute kitu mtandaoni, itazame ndani ya folda tu. Hapa pana mtego ambao umewarudisha wengi nyuma: amri ya kwanza huchagua mafaili yanayoifaa kompyuta iliyoyapakua. Ukikusanya kifurushi kwenye Linux yenye Python mpya kisha ukakipeleka kwenye Windows yenye Python ya miaka mitano iliyopita, baadhi ya mafaili yatakataa. Uliza kwanza kule mzigo unakokwenda, mashine ni ipi na Python ni toleo gani. Ni swali lilelile la fundi: umeme gani uliopo kule?

Wazo la flashi si langu. Wataalamu wa muungano wa RECON, wanaotengeneza programu za R kwa ajili ya kuchambua milipuko ya magonjwa, waliandaa kifurushi cha kubebwa kwenye flashi chenye R, RStudio na maktaba za kazi, ili mchambuzi aliyetumwa mahali pasipo na mtandao aweze kuanza kazi siku anayofika. Pia walitengeneza reportfactory, kiwanda kidogo cha ripoti kilichotumika katika mapambano ya Ebola ya Kivu Kaskazini: ripoti zote hutengenezwa upya kutoka kwenye data, na kila toleo huwekwa kwenye folda yenye tarehe na saa yake. Huwezi kuikosea ripoti ya jana ukaiita ya leo, maana jina la folda linakusuta. Vyombo vilivyozaliwa kwenye shida huwa na adabu ya namna hiyo, na ninatamani watengenezaji wa Jupyter wangejifunza zaidi kutoka kwao.

Taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Kongo, INRB, nayo ilionyesha njia. Wataalamu wake, pamoja na washirika wa nje, walisoma jenomu za virusi vya mlipuko huo na kuchambua 792 kwa jumla, karibu robo ya maambukizi yote yaliyothibitishwa maabara katika kipindi walichokichunguza, tena waliyatoa matokeo kadiri jenomu mpya zilivyopatikana. Ebola iliporudi eneo la Butembo mwezi Februari 2021, ikiwapata watu 12 na kuwaua 6, hazina hiyo ya jenomu ndiyo iliyowezesha kuonyesha kwamba virusi vile vilitokana na mlipuko uliopita, havikuingia upya kutoka mwituni. Kulinganisha cha leo na cha mwaka juzi kunawezekana tu ikiwa kazi ya mwaka juzi bado inafunguka na kutoa majibu yaleyale.

Kifurushi nacho kinaweza kubeba sumu. Mwezi Desemba 2019 iligunduliwa kwamba kwenye ghala la PyPI kulikuwa na programu iliyojiita jeIlyfish, ikiwa na I kubwa mahali pa l ndogo, ikiigiza programu halali na kuiba funguo za siri za waliodanganyika. Jicho haliwezi kutofautisha herufi hizo kwenye skrini nyingi. Na hata jina likiwa sahihi, faili linaweza kuchezewa njiani. Kinga yake ni kwamba kila faili lina alama yake ya hesabu, mithili ya alama ya kidole, inayopatikana kwa kanuni ya SHA-256. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama yote inabadilika. Anayefungasha aandike alama hizo kwenye karatasi au faili tofauti, na anayepokea azilinganishe. Flashi ya Butembo hupita mikono mingi na kompyuta nyingi zenye virusi vya aina nyingine. Chombo cha usalama kisichothibitishwa kisipokelewe.

Jambo moja zaidi, nalo linagusa heshima ya watu. Daftari la Jupyter huhifadhi majibu ndani ya faili lenyewe. Jedwali la majina lililoonekana mara moja chini ya seli linabaki humo, na ukimtumia mwenzako daftari ili aone msimbo wako, umemtumia pia majina, mitaa na hali za watu. Butembo na Beni wapo waliopona Ebola wakarudi nyumbani wakakuta majirani wanawaogopa. Orodha ya namna hiyo ikivuja, aliyeandikwa humo ndiye anayeumia. Kipo chombo kidogo kiitwacho nbstripout ambacho hufuta majibu yote na kubakiza msimbo na maelezo. Kifungashe pamoja na kile cha kwanza, kwenye folda moja. Kwa maoni yangu, anayefundisha madaftari bila kukifundisha chombo hiki amefundisha nusu.

Vijana wa kuifanya kazi hii wapo. Butembo kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989. Beni kuna chuo kikuu cha UCBC, kilichoanza mwaka 2007 na kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Wanafunzi wao wanajua kwamba Masika wawili si kosa la uandishi, ujuzi ambao hauji ndani ya kifurushi chochote kutoka nje.

Kwako wewe unayefundisha au unayechambua data Butembo, Beni, au popote mtandao unapokatika: tengeneza flashi hiyo wiki hii. Weka ndani yake ipyflow, nbstripout na orodha ya alama za SHA-256. Ongeza ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili na Kifaransa, wenye tarehe, toleo la Python, na namba ya simu ya mtu atakayejibu mambo yakigoma. Kisha azima kompyuta ambayo haijawahi kuiona programu hiyo, zima intaneti yake, na umpe mwenzako aisimike peke yake huku wewe umekaa kimya ukitazama. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha kabla flashi haijaondoka mkononi mwako.